Jinsi ya kumsoma mtoto anayetambaa, staili ya Mary Ainsworth

Huyu mama Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, kazaliwa Marekani 1913 kakulia Canada, lakini kazi iliyompa jina haikuanzia maabara, ilianzia Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala akaanza kuzunguka vijiji vya karibu, familia 26 za Waganda, kila baada ya wiki 2 anapita na mkalimani, anakaa kama masaa mawili anapiga stori na mama huku jicho liko kwa mtoto. Hata we unaweza, nyumbani kwako.

Chagua mda kashiba na hana usingizi. Simu weka mbali (hapa ndo wengi tunafeli), kaa mkekani na daftari, usimwite wala usimchezeshe. Na usiandike "leo alikuwa mzuri", hiyo haisaidii kitu, andika alichofanya: katambaa hadi mlangoni kwenye ndala, kageuka kukucheki, kaendelea, mara jirani kapiga hodi, karudi fasta kushika gauni lako. Ainsworth aliliona sana hilo kule, mama ndo kambi, mtoto anatoka hapo kwenda kuchungulia dunia, akishtuka anarudi.

Sasa inuka nenda jikoni kidogo, abaki na mtu anayemjua. Akilia watu watasema kadekezwa, achana nao, kilio peke yake hakikwambii mengi, we angalia ukirudi. Anakunyooshea mikono, unambeba, ananyamaza, halafu haooo anataka kushuka arudi kwenye ndala zake? Safi kabisa. Baadae akiwa Baltimore, kule Marekani, Ainsworth alitengeneza kipimo chake maarufu cha chumba chenye midoli na mtu mgeni, na humo pia alikazia sana pale mama anaporudi. Ila kile ni cha waliosomea, usije ukambandika mtoto jina kwa siku moja na pengine meno tu yanamsumbua.

Kingine, kule Uganda mama aliyeweza kumwelezea mwanae kwa undani, mara nyingi mtoto wake ndo alikuwa ametulia nae. Kwa hiyo muulize bibi au dada anayeshinda nae: akichoka unajuaje? Akikwambia "anavuta sikio la kushoto" liandike hilo, akikujibu "aah si analia tu", basi kesho mkekani kaeni wote wawili.