Halloween kwa vizuka vya Kijapani: taa kumi, sahani tisa

Wajapani husimuliana hadithi za kutisha kiangazi, hasa karibu na Obon, sikukuu ya wafu, mizimu inaporudi nyumbani. Mwili ukisisimka, joto linasahaulika. Halloween ilikuja baadaye sana, na maboga yake. Mimi naishi Osaka, na kila Oktoba 31 nachanganya haya mawili kwa mchezo wa zama za Edo (1603–1868) uitwao hyakumonogatari, yaani hadithi mia.

Hatua ya 1: Taa

Zamani waliwasha tambi mia za taa chumba cha pili, zimezungushiwa karatasi ya buluu, kando kuna kioo. Ukimaliza hadithi unakwenda huko peke yako, unazima utambi mmoja, unajitazama kwenye kioo, ndipo unarudi. Mia ni nyingi: kwa dakika tatu tatu ni saa tano. Mimi naweka kumi, tena za betri, maana karatasi ikishika moto hakuna atakayekumbuka vizuka. Kioo usikiache. Kinatisha kuliko hadithi zenyewe.

Hatua ya 2: Viazi

Tunapika daigaku imo, "viazi vya chuo kikuu". Chukua nusu kilo ya viazi vitamu, menya ukiacha michirizi ya ganda, kata vipande vya mshazari huku ukizungusha kiazi. Loweka robo saa, kisha kausha kabisa. Mwaka wa kwanza sikukausha, mafuta yakaruka hadi kwenye pazia. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka kijiti kipenye.

Sufuria nyingine: sukari vijiko vinne vya chakula, maji viwili, mchuzi wa soya kimoja cha chai. Usikoroge, tikisa sufuria tu. Ukikoroga, sukari inarudi kuwa punje. Mapovu yakishakuwa makubwa na mazito, tia viazi, geuza upesi, nyunyiza ufuta mweusi. Vitandaze visigusane, la sivyo utavibandua kwa kisu.

Hatua ya 3: Miiko ya meza

Usichomeke vijiti vya kulia wima kwenye wali. Hivyo ndivyo anavyowekewa maiti. Usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Hivyo ndivyo jamaa wanavyookota mifupa baada ya mwili kuchomwa. Waambie wageni kabla hawajaanza kula, meza itanyamaza yenyewe. Mlangoni weka vilima viwili vidogo vya chumvi, kinga dhidi ya mabaya.

Hatua ya 4: Mpangilio wa hadithi

Anza na nyepesi. Katikati weka ya Okiku, kijakazi aliyeuawa na kutupwa kisimani kwa sababu ya sahani moja kupotea kati ya kumi. Kisima kinachosemwa ni chake kipo hadi leo kwenye ngome ya Himeji. Kila usiku anahesabu. Nawe hesabu, polepole: moja, mbili... Ukifika tisa, nyamaza. Usieleze kitu.

Ya tisa ni ya noppera-bō. Hii msimulizi aishike taa yake mkononi. Usiku, kwenye mteremko wa Akasaka, bwana mmoja anamkuta mwanamke akilia, uso kaufunika. Anamsemesha. Mwanamke anageuka: hana macho, pua wala mdomo, laini kama yai. Bwana anatoka mbio hadi kwa muuza soba (tambi za kula), anahema, anashindwa hata kueleza. Muuzaji anajipangusa uso taratibu: "Alikuwa hivi?"

Zima taa kwenye neno "hivi".

Ya kumi haisimuliwi. Taa ya mwisho ikizimwa, wanasema, hutokea aoandon, kizuka cha taa ya buluu. Hata watu wa Edo wengi waliishia tisini na tisa. Yetu tunaiacha iwake mpaka mgeni wa mwisho avae viatu.