Ng'amua, gundua au tegua?

Wadau wa Kigoma mnaoandika ripoti na matangazo, "gundua" tunaibebesha mizigo isiyo yake. Kugundua ni kupata kitu ambacho hakikujulikana. Dalili zikiwa mbele yako, ukazipima mpaka zikakupa jibu, hapo umeng'amua: "Fundi ameng'amua kwa nini injini ya boti inazima ziwani, mafuta yana maji." Au msafiri wa kuja kwetu aliyepanda behewa lisilo lake: reli ikishagawanyika Tabora ndipo anang'amua kwamba anapelekwa Mwanza. (Pole yake.)

Baada ya ng'amua mara nyingi weka kwamba, kuwa, au neno la kuulizia: nani, wapi, kwa nini. Ile alama ya juu (') baada ya ng usiiache hata ukiandika kwenye simu. Ni ng' ya ng'ombe, si ya ngoma.

Kitendawili, hata hivyo, huteguliwa, na fumbo hufumbuliwa. Tazama jozi: tega na tegua, fumba na fumbua, sawa na funga na fungua. Kitenzi cha pili kinatendua kazi ya kwanza, kwa hiyo aliyetega lazima awepo. Jibu lenyewe, sawa, unaweza kuling'amua.