Perege wanakula chambo na kukuachia ndoana? Pandisha risasi

Ukivua perege kwenye bwawa la Hombolo, Dodoma, ukiwa ukingoni, usifunge risasi (kile kizito cha kuzamisha chambo) karibu na ndoana. Ipandishe juu kama shubiri moja na nusu. Nimelijua hili juzi tu, baada ya kuliwa minyoo mingi bure. Perege ana mdomo mdogo na hamezi kwa pupa: anafyonza chambo, akihisi uzito anakitema. Risasi ikiwa mbali, mnyoo unashuka polepole kama kitu kilichodondoka chenyewe, naye anauchukua. Risasi iwe ndogo, ya kutosha tu kusimamisha boya. Boya langu nalikata kwenye ndala kuukuu, ukubwa wa punje mbili za karanga. Ndoana iwe ndogo pia, na mnyoo usiachwe na mkia mrefu unaoning'inia, maana ndio watakaoukata kwanza.

Upepo wa mchana, hasa Juni mpaka Agosti, unaharibu mbinu hii: boya linasukumwa ukingoni, uzi unalegea, hata akila huoni. Nenda alfajiri. Kwa kambale haifai kabisa. Huyo hula chini kwenye tope, anatafuta kwa harufu na sharubu. Mpe utumbo wa kuku, ndoana kubwa na risasi nzito.