Nguzo kwanza, darubini baadaye: kupiga picha za nyota ndani ya lupangu yako Lubumbashi

Watu wakinipigia simu huuliza wanunue darubini ipi. Nami huwauliza: nguzo yako umeisimamisha wapi? Mwaka wangu wa kwanza niliweka kamera juu ya miguu mitatu, kwenye udongo mwekundu wa Katuba, na kila mtoto alipopita mbio nyota zilicheza ndani ya picha. Mwongozo huu ni wa mwenye kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, hata ya mkono wa pili, na lenzi ya mm 50. Hiyo inatosha kuanza.

Hatua ya 1: Mahali

Lubumbashi iko nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo usiku wa manane wa Juni, kundinyota la Nge na kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi wetu, wakati watu wa Ulaya huviona kwa shida vikitambaa chini kabisa. Tafuta kona inayoona juu na kusini. Kaa mbali na mbabula ya jikoni na mbali na manjanja ya nyumba, maana joto lililonyonywa mchana hupanda usiku na kuitikisa hewa.

Hatua ya 2: Nguzo

Chimba shimo la sm 50 kwa sm 50, kina sm 80. Simamisha vyuma vinne vya mm 10 vilivyofungwa pamoja, vivishe bomba la PVC la mm 160 litakaloacha mita moja juu ya ardhi, kisha mimina beto: simenti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vitatu. Iwe nzito kama bukari, isiwe uji. Kabla haijakauka, zamisha bolti tatu za M10 juu yake, vichwa chini, nyuzi zitokeze sm 8. Funika kwa gunia na ulilowanishe asubuhi na jioni kwa siku saba. Ukija kusakafia pembeni, acha nafasi ya vidole viwili kuizunguka nguzo, la sivyo hatua za miguu zitarudi kwenye picha.

Hatua ya 3: Kusini ya kweli

Dira iache. Inafuata sumaku ya dunia, ambayo si kusini ya kweli, na vyuma vya nguzo huipoteza zaidi. Tumia kivuli. Simika kijiti cha mita moja, ukikinyoosha kwa timazi. Saa 4 asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika, kitarefuka tena, na baada ya saa 8 mchana ncha yake itaugusa mduara mara ya pili. Weka alama nyingine. Mstari kutoka kijiti hadi katikati ya alama hizo mbili ndio kusini. Fanya kazi hii Juni au Julai, jua likiwa upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba usijisumbue: jua linapita utosini na kivuli cha mchana karibu hakipo.

Hatua ya 4: Ubao wa bawaba

Hapa ndipo penye kazi. Dunia inazunguka, kwa hiyo kamera lazima izifuate nyota. Chukua mbao mbili kavu za sm 35 na uziunganishe upande mmoja kwa bawaba ndefu. Kenkayeri watakuuzia chuma chenye nyuzi cha M6, ambacho kila mzunguko mmoja husogea mm 1. Kipitishe kwenye nati iliyobanwa ndani ya ubao wa chini, mm 228.6 kutoka bawaba, kiusukume ubao wa juu, ule unaobeba kamera. Kizungushe mara moja kwa dakika: ubao utafunguka robo ya nyuzi, sawasawa na mwendo wa anga, ambayo humaliza duara lake kwa saa 23 na dakika 56.

Pima kuanzia katikati ya pini ya bawaba. Mimi nilipima kutoka ukingoni, nikakosea mm 8, na picha za dakika tatu zikatoka na nyota kama punje za mchele.

Bawaba iwe upande wa magharibi, na pini yake ielekee kusini ikiwa imeinuka nyuzi 11.7. Huhitaji kipimapembe: chonga kabari ya sm 30 ya kukaa kati ya nguzo na ubao, ambayo mwisho wake wa kusini uko juu kwa sm 6.2 kuliko wa kaskazini. Ukiona kabari imelala mno, usishtuke, ndivyo kwetu kulivyo. Ndiyo maana ukija kununua kiti cha darubini chenye mota, uliza kwanza kinashuka hadi nyuzi ngapi. Vingine vikiinamishwa hivi, chuma cha uzito hugonga mguu.

Hatua ya 5: Kusawazisha

Pini ya bawaba lazima ielekee ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapopazunguka. Kaskazini wana nyota angavu ya ncha. Ya kwetu, Sigma Octantis, ina mwangaza wa daraja la 5.4 tu (namba ikipanda, nyota hufifia) na imejificha nyuma ya moshi na kuta za majirani. Usiitafute. Elekeza kamera kwenye nyota iliyo karibu na utosi, piga picha kadhaa mfululizo huku ukizungusha chuma, uzilinganishe. Nyota ikielea kwenda kaskazini, ncha ya kusini ya bawaba imeingia mno mashariki, isogeze magharibi. Ikielea kusini, fanya kinyume. Mimi ilinichukua jioni tatu.

Hatua ya 6: Kupiga

Usiku usio na mwezi. Delestaji ikija, shukuru, mradi jirani asiwashe grupu. Lenzi f/2.8, ISO 800, sekunde 60, faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata). Kuza nyota angavu kwenye kioo cha kamera hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha bana pete ya lenzi kwa plasta. Piga picha 64, halafu 20 zenye kifuniko cha lenzi kwa muda uleule, za kuondolea madoa ya kamera yenyewe. Programu ya bure ya Siril itazipanga moja juu ya nyingine, na chembechembe zitapungua mara nane.

Wajulishe majirani na shefu wa avenyu kabla ya usiku wa kwanza. Mtu anayeelekeza bomba gizani huzua maneno.

Kibanda chenye paa la kusukuma kitakuja baadaye. Kwa sasa kamera na ubao vinalala ndani, bolti nazivika kopo. Mchana mke wangu hufunga kamba ya nguo kwenye nguzo. Tumekubaliana ifunguliwe kabla ya saa 12 jioni.