Una Q Mbili, na Jamaa Anazidi Kupandisha Dau

Vijana wengi wanaocheza poka ya mtandaoni hapa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani, wanajua kusubiri karata nzuri. Kinachowaponza ni pale karata nzuri inapofika halafu mtu wa upande wa pili hatishiki. Wanaona Q mbili, wanamwaga zote, yaani wanaweka fedha yote waliyonayo mezani kwa mkupuo, kisha wanalaumu bahati. Ni kweli Q mbili ni kali, na wastani wa kuzipata ni mara 1 katika 221. Lakini ukali huo unategemea aliyepandisha dau anaweza kuwa na nini, na hilo linahesabika.

Mfano wangu ni wa Texas Hold'em, poka ambayo kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote zinafunuliwa mezani: tatu kwa pamoja (flopu), halafu ya nne, halafu ya tano. Madau ya lazima, ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, ni shilingi 50 na 100, na kila mmoja ana 10,000 mezani.

Kabla ya kugusa karata

Fedha ya salfa ya mikorosho haiingii humu, wala ada ya mtoto, wala malipo ya mnada yanayongojewa na nyumba nzima. Nalisema kwa uzito kwa sababu msimu ukifunguka Oktoba simu zinajaa fedha, na mtu mwenye fedha ya familia mezani hawezi kutupa karata inapobidi. Cheza kwenye tovuti yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Chini ya miaka 18 hairuhusiwi kabisa. Hakikisha bando lipo hata umeme ukikatika, na fungua meza moja tu. Muda wako ukiisha huku kuna dau mbele yako, programu inazitupa karata, ziwe Q mbili au A mbili.

Hatua ya 1: Pandisha mapema

Mtu amefungua kwa 300. Usimfuate kimyakimya, yaani usiweke 300 kama yeye tu, pandisha hadi 900. Ukimfuata tu, unawakaribisha watu wengine wawili watatu kwa bei rahisi, na kila anayeongezeka anaipunguzia jozi yako nguvu.

Hatua ya 2: Akikujibu, hesabu

Wote wametupa isipokuwa yeye, naye anapandisha hadi 2,400. Hapa ndipo pa kutulia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiulize anafanya hivi na karata zipi. Mchezaji mgumu, anayetupa karata karibu kila mkono (kila mgao wa karata), hapa ana A mbili, K mbili, au A na K. A mbili zinapatikana kwa njia 6, K mbili kwa njia 6, na A na K kwa njia 16. Jumla ni njia 28. Dhidi ya jozi kubwa kuliko yako unashinda chini ya mara 20 katika 100. Dhidi ya A na K, kama mara 56. Ukichanganya zote unapata kama 40 katika 100.

Sasa angalia bei. Mezani kuna 3,450 (2,400 zake, 900 zako na 150 za lazima), nawe unatakiwa kuongeza 1,500. Unahitaji kushinda kama mara 30 katika 100 ili usipate hasara. Hiyo 40 inahesabu mkono unaofika hadi karata ya tano, jambo ambalo halitokei kila mara, lakini nafasi iliyobaki inatosha. Kwa hiyo dhidi ya mgumu unafuata, hasa kama wewe ndiye wa mwisho kuamua. Kumwaga zote kunakuacha na njia hizo 28 zinazokupiga mara nyingi.

Akiwa ni mtu anayepandisha ovyo na asiyependa kutupa, ongeza J mbili na 10 mbili kwenye hesabu. Njia zinakuwa 40, na nafasi yako inapanda hadi kama 52. Huyo unaweza kummwagia zote. Karata ni zilezile, uamuzi ni tofauti.

Kasi yake ya kubofya isikudanganye. Huenda mtandao wake unasuasua tu.

Hatua ya 3: Karata tatu za mezani

Ukiwa na Q mbili, A au K hutokea kwenye flopu kama mara 41 katika 100. Tuseme zimekuja K, 7 na 2, na mgumu wetu anaweka dau. Hesabu upya: A mbili njia 6, K mbili sasa 3, A na K sasa 12. Zote zinakupiga. Tupa, bila kuangalia 2,400 ulizokwisha kuweka.

Zikija 9, 5 na 2, mambo yanageuka. Njia 16 za A na K hazijapata kitu, na ni 12 tu zinazokupiga. Akiweka 2,000 kwenye 4,950 zilizopo, fuata. Karata ya nne ikiwa ndogo naye akaweka dau kubwa tena, fikiri upya: wagumu wengi wenye A na K huacha kuzuga hapo, hivyo jozi kubwa ndizo zinazobaki. Mpiga ovyo haachi, basi huyo mfuate.

Usisubiri Q ya tatu ikuokoe. Kwenye flopu inakuja kama mara 1 kati ya 8 au 9.

Ukiwa na K mbili au A mbili

A mbili pandisha hadi zote ziishe. K mbili pia, kabla ya flopu, kwa karibu kila mtu: ukizishika, uwezekano wa mpinzani mmoja kugawiwa A mbili ni kama 1 katika 204. Akishapandisha mara kadhaa uwezekano huo unakua, ila bado A na K na Q mbili zipo kwenye hesabu.

Mkono ukiisha na karata zake zikaonekana, bofya jina lake uandike dokezo: alipandisha mara ngapi, na alikuwa na nini. Mkutanapo tena utajua uanze na njia 28 au 40.