Namna ya kuzilinganisha hospitali mbili bila kuionea hata moja

Mjumbe mpya wa kamati ya hospitali akishika taarifa ya mwaka, macho hukimbilia vifo. Nimetunza kumbukumbu za wagonjwa hapa Lindi miaka 19, na kila kamati inapobadilishwa nayaona hayohayo. Ndugu yangu, vifo ni vya mwisho. Anza na vitanda.

Kwanza chagua hospitali za ngazi moja. Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi zote ni za rufaa za mkoa, hizo zinalinganishika. Vituo vya afya na zahanati usivichanganye humo. Chukua na miezi ileile, maana Machi ya mvua na Oktoba ya korosho haileti wagonjwa walewale.

Kila usiku wa manane muuguzi wa zamu huhesabu waliolala. Jumlisha hesabu hizo za mwezi mzima. Wodi ya vitanda 30 kwa Juni yenye siku 30 ina nafasi 900 za kulala. Waliolala wakifika 720, vitanda vimetumika kwa asilimia 80. Kisha gawa 720 kwa wote walioondoka wodini, walioruhusiwa na waliofariki pamoja. Wakiwa 180, kila mmoja amelala wastani wa siku 4. Ukiona wodi moja wanalala siku 4 na nyingine ya aina hiyohiyo siku 9, nenda kaulize majibu ya maabara yanachukua muda gani.

Lakini uliza pia aliyehesabu alihesabu vipi. Nilipokuwa mgeni kazini, hospitali nyingine, nilimpelekea mganga mfawidhi asilimia 140 ya wodi ya watoto. Akasema twende tukaone. Tulikuta kweli watoto wawiliwawili kitandani, kichwa huku kichwa kule, mama zao chini kwenye mikeka. Ila kitabuni mlikuwa na majina 7 ya watoto waliokwisha kurudi kwao, safu ya tarehe ya kutoka iko tupu, na muuguzi wa usiku alikuwa akihesabu kitabu badala ya kuzunguka na tochi. Tangu siku ile sijumlishi kitu kabla sijapitisha kidole kwenye safu hiyo, mstari kwa mstari. Ikiwa na mapengo, namba ya wodi hiyo usiilinganishe na ya mtu.

Sasa vifo, na hapa nakuomba utulie. Tuseme hospitali mbili, kila moja imelaza wagonjwa 2,000 kwa mwaka. Ya kwanza wamefariki 65, ya pili 50. Ukiishia hapo utaisifu ya pili. Watenganishe waliokuja kwa rufaa na waliokuja wenyewe. Ya kwanza ilipokea wa rufaa 500, wakafariki 50, yaani asilimia 10; kati ya 1,500 waliobaki walifariki 15, asilimia 1. Ya pili ilipokea wa rufaa 100, wakafariki 12, asilimia 12. Kati ya 1,900 waliobaki walifariki 38, asilimia 2. Kwa wa rufaa na kwa wa kawaida, ile uliyotaka kuilaumu ndiyo imefanya vizuri zaidi. Imeizidi ya pili kwa idadi ya vifo kwa sababu ndiyo inayopokea walio hoi. Nimeona watumishi wakisemwa kikaoni mbele ya watu kwa hesabu isiyotenganishwa, na ninaumia mpaka leo.

Tenganisha vilevile waliofariki ndani ya saa 24 tangu kufika. Mama anayeletwa kutoka Liwale akivuja damu, akafariki saa mbili baada ya kushushwa, kifo chake kinaandikwa Lindi mjini. Lakini maswali yake yanaanzia mbali: gari liliitwa saa ngapi, liliondoka saa ngapi, damu ilikuwepo alikotoka? Fomu yake ya rufaa ina sehemu ya kuandika saa. Iombe uisome kabla kikao hakijaanza.