Jinsi ya kusoma hadithi fupi za kale za Kijapani bila kukimbilia kutafuta mwenye makosa

Wengi wakizishika hadithi hizi wanasoma fasta wakifika mwisho wanauliza sasa funzo liko wapi, manake tumezoea hadithi inayotuambia nani mbaya nani mwema. Hizi hazikuambii, kwa hiyo lazima uzisome kivingine.

Anza na Rashomon ya Akutagawa Ryunosuke, ya 1915, fupi sana, unaimaliza kwa kikao kimoja. Mtumishi kaachishwa kazi, kakaa chini ya lango bovu huko Kyoto, mvua inanyesha, anawaza afe njaa au awe mwizi. Akipanda juu ya lango anamkuta bibi kizee anang'oa nywele za maiti atengenezee wigi. Hapo ndo ushike penseli, weka alama kila pale moyo wa jamaa unapogeuka: kwanza anaogopa, halafu anachukia uovu kiasi kwamba ungemuuliza saa ile angechagua njaa, halafu akishamdhibiti bibi anatulia kabisa, karidhika na nafsi yake, na bibi akijitetea kwamba anafanya hivi asife njaa na hata marehemu huyu alikuwa anauza nyoka mkavu akidai ni samaki, jamaa anamvua nguo na kuziiba kwa hoja ileile! Angalia na mkono wake pia, muda mrefu unashika chunusi shavuni, je unaiachia lini? Ukimaliza rudi kwenye alama zako ujiulize ulikuwa upande wake mpaka wapi.

Ukitoka hapo nenda Yabu no Naka ya 1922, ya huyohuyo. Watu saba wanaongelea kifo cha samurai mmoja, jambazi anasema nimemuua mimi, mke anasema ni mimi, na roho ya marehemu inasema nilijiua mwenyewe. Usihangaike kusaka muuaji. Kwa kawaida mtu anadanganya ili akwepe kosa, hawa watatu wanaligombania, sasa kwa kila mmoja jiulize anataka aonekane mtu wa namna gani.

Takasebune ya Mori Ogai, ya 1916, iache ya mwisho, mi ndo naipenda kuliko zote. Mfungwa anasafirishwa kwa boti kwa kosa la kumsaidia mdogo wake aliyejikata koo amalize kufa, na askari anayemsindikiza anashindwa kuamua kama hayo ni mauaji kweli. Hii soma na mwenzako, kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi kabla hamjaanza kubishana.